Risala ya Wazee wa Basi Namba Saba Kuhusu Kadi Ambazo Hazikuguswa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usafiri ya Baraza la Mji. Waheshimiwa madiwani mliofuatana naye. Madereva wetu mlioegesha pembeni ili nanyi msikie. Majirani, watoto na wajukuu zetu:

Tunaomba ukae, Mheshimiwa. Viti vya plastiki tumevikodi, lakini benchi hili la chuma chini ya kibanda kipya ni lako wewe uliyelileta, na tangu lifungwe jana hakuna aliyelikalia. Si kwamba hatukutamani. Tulizuiana.

1. Makaribisho

Karibu sana kituoni kwetu. Kwa miaka yote tuliyosubiria basi hapa, tulisimama tumeegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme. Mvua ikinyesha tuliingia ndani, wazee kumi na tano kwa mpigo, tukajaza mlango mpaka wateja wakashindwa kupita. Mwenye duka hakuwahi kutufukuza. Leo amefunga duka kwa saa moja ili ahudhurie, na ametuagiza tukwambie kwamba kwa kibanda hiki anakushukuru kuliko sisi.

Risala hii iliandikwa na kamati ya Umoja wetu, ikasomwa mbele ya wanachama mara mbili, na kila mahali tulipoonekana tunajipendekeza pakafutwa. Zilipofutwa sifa za ziada tulibaki na mambo mawili: shukrani na kosa. Tunaanza na shukrani kwa sababu ndiyo kubwa.

2. Tulikotoka

Tulianza tukiwa watu kumi na mmoja, tuliokuwa tukikutana kliniki ya shinikizo la damu. Hatukuwa umoja wakati huo. Tulikuwa foleni. Daktari alitaka tuje kila mwezi, nasi tulikuja kila tulipopata nauli, yaani kila baada ya miezi miwili au mitatu, na aliyekosekana tulidhani amekufa.

Kabla ya kadi ya usafiri wa bure, mzee aliyetaka kutoka nyumbani alianza kwa kumtazama mwanawe usoni, aone kama siku yake ni nzuri. Kumwomba nauli mtoto uliyemnyonyesha si jambo dogo. Atakupa, ndiyo. Ila atauliza, "Unakwenda wapi tena, mama? Si ulitoka juzi tu?" Wewe unaanza kujieleza kama mtuhumiwa. Mwisho unasema basi, sikuwa na haraka, nitakwenda wiki ijayo. Wengi wetu tulikuwa na safari za wiki ijayo zilizofikisha mwaka.

Miaka miwili iliyopita kamati yako ilipitisha kadi. Kila aliyetimiza miaka sitini na mitano anapanda basi bure, kuanzia saa tatu asubuhi, siku zote. Dereva ana mashine ndogo pembeni mwa usukani. Ukiigusisha kadi, mashine inalia, safari yako imeandikwa, na mji unamlipa mwenye basi kwa kila safari iliyoandikwa. Tunaueleza utaratibu huu ingawa unaujua kutushinda, kwa sababu ndimo kosa letu lilimoingilia.

3. Tuliyoyapata

Leo tuko wanachama mia moja na sitini na wanne. Kliniki hatukosi. Fundi seremala wetu mstaafu anakwenda maktaba kusoma magazeti yote matatu, kisha anarudi kutubishia. Dada wawili waliokuwa wanakaa mji mmoja bila kuonana kwa miaka minne, kwa sababu kati yao kulikuwa na mabasi mawili, sasa wanaonana kila Jumatano na wamekwisha kugombana mara mbili. Mama mmoja amerudi kwenda sokoni kuchagua nyanya zake kwa mkono wake. Mkwe wake amenuna, maana nyanya alizokuwa akimletea sasa zinasemwa vibaya.

Mheshimiwa, haya yanaonekana madogo ukiyasoma kwenye karatasi. Kwetu ndiyo maisha yenyewe. Hatukujua tumekosa nini mpaka tulipopewa. Kwa hiyo asante. Tunaisema tukiwa tumesimama wote, hata wenye fimbo.

4. Safari za Mama Pindo

Tungeweza kuendelea kuhesabu watu, lakini tumeona tueleze safari za mmoja. Ametupa ruhusa kwa sharti tusimfanye mtakatifu.

Yule pale, mwenye kitenge cha kijani, ndiye Mama Pindo. Ana miaka sitini na tisa. Alishona sare za shule kwa muda mrefu, na nusu ya watu wazima wa mtaa huu walisoma wakiwa ndani ya pindo zake, ndiyo maana ya jina. Mume wake alikuwa mchapaji katika kiwanda cha vitabu. Mwaka juzi alipata kiharusi. Upande wa kulia ulikwenda, maneno nayo yakaenda, likabaki neno moja: "Nani?" Sasa yuko wodi ya wagonjwa wa muda mrefu, ng'ambo ya mji.

Wauguzi wa pale ni watu wema, lakini mzee huyu akilishwa na mgeni hufunga mdomo. Anakula kwa mkono wa mkewe tu. Kwa hiyo kila siku, saa sita na nusu chakula cha mchana kinapogawiwa, Mama Pindo anatakiwa awe ameketi kando ya kitanda, kijiko mkononi. Anamlisha taratibu, kijiko kimoja na mapumziko, huku akimsimulia basi la asubuhi. Mzee anauliza, "Nani?" naye anajibu: alipanda yule seremala, kabishana na dereva, alipanda mama wa nyanya, kabeba kapu tupu, nadhani alitaka hewa tu. Mzee anacheka kwa upande wa kushoto, na akicheka anameza vizuri.

Kwenda huko ni mabasi mawili: namba saba mpaka stendi kuu, kisha jingine mpaka hospitali. Kurudi ni mawili tena. Kadi yake iliguswa mara nne kwa siku, siku saba kwa wiki. Kabla ya kadi alikuwa akienda Jumapili tu, na mume wake alilishwa kwa mpira siku zilizobaki.

5. Kosa letu

Mwaka jana redioni walisema mfuko wa mji umepungua. Siku hiyohiyo tukaitana kwenye ukumbi wa shule.

Mwenyekiti wetu alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo tunamwita Jumlisha. Alishika chaki, akatuandikia ubaoni: kila mguso ni malipo, malipo yakizidi mji utachoka, mji ukichoka kadi inakufa. Alisema, "Ndugu zangu, tukigusa ovyo kama watoto waliopewa kengele, watatunyang'anya. Tuwe na kiasi."

Tukapiga makofi. Tukapitisha kwa kauli moja kwamba kila mwanachama agusishe kadi mara moja kwa siku, wakati wa kwenda. Kurudi, amwombe dereva au atembee.

Madereva wa namba saba ni watoto wetu. Yule tunayemwita Polepole alielewa upesi. Tukipanda jioni anasema, "Pita, mama. Mashine imelala." Tunapita, tunamwombea mema. Tuliona tumefanya jambo la watu wazima, la kuusaidia mji uliotusaidia. Mheshimiwa, tulilala usingizi mzuri kwa sababu ya jambo lile.

Mama Pindo alitoka mkutanoni amejiinamia. Miguso minne kwa siku! Hakuna aliyemzidi. Alimwambia jirani yake, "Kumbe mimi ndiye nitakayewamaliza." Tangu kesho yake aligusa mara moja tu, asubuhi, kwenye namba saba. Dereva wa basi la pili hakumfahamu, naye Mama Pindo asingeweza kumwomba. Kwa hiyo akishuka stendi kuu alitembea mpaka hospitali, na kurudi hivyohivyo. Kwa mwenye miguu mizima ni dakika ishirini. Kwa goti lake ni dakika arobaini, juani. Hakumwambia mtu, miezi mitano.

Siku moja goti lilikataa. Aliketi kwenye ngazi za posta akingoja maumivu yapoe, nayo hayakupoa. Alipofika wodini sinia zilikuwa zimeshakusanywa. Ya mume wake ilikuwa juu ya toroli, kifuniko hakijafunuliwa.

Muuguzi wa zamu akamwambia, "Amekataa, mama. Nimejaribu mimi, kajaribu mwenzangu. Kafunga mdomo kama mlango wa benki. Kwani leo basi halikuwepo?"

"Lilikuwepo."

"Kadi imepotea?"

"Hii hapa."

"Sasa?"

"Naitunza."

"Unaitunza iende wapi, mama? Huko mbinguni wana mabasi?"

Mama Pindo alicheka. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, muuguzi akamfungulia kikombe cha maji. Chakula kilipashwa moto. Saa nane mzee alikula. Katikati ya chakula akauliza, "Nani?" kama kawaida yake. Mkewe akamsimulia abiria wa namba saba, kisha akaishia hapo, kwa sababu ngazi za posta hazikuwa na mtu.

6. Tulivyojua

Wiki tatu zilizopita, alasiri, afisa takwimu wa Baraza alipanda namba saba akiwa na ubao wa kuandikia. Ni binti mpole mwenye miwani. Alikaa nyuma ya dereva, akawa anatazama kila anayeingia. Tulidhani anakagua basi. Mwishowe akamsogelea Mama Pindo, aliyekuwa akirudi kutoka hospitali.

"Samahani, mama. Kadi yako ina tatizo?"

"Haina, mwanangu."

"Mbona hukuigusisha?"

"Niligusa asubuhi."

"Lakini hii ni safari nyingine."

Mama Pindo akampigapiga mkono kumtuliza. "Usijali. Tunawahurumia."

Binti akageuka akahesabu tena kwa kidole. "Humu ndani mna wazee ishirini na watatu. Mashine imelia mara mbili."

Wale wawili, Mheshimiwa, walikuwa wageni kutoka mtaa mwingine. Hawakuhudhuria mkutano wetu.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, lakini basi zima lilisikia, "Mama, mimi ndiye ninayeandika ripoti. Nimeandika kwamba hampandi."

Polepole alisimamisha basi mahali pasipo kituo. Binti akatueleza yote. Kwenye karatasi zake, safari za wazee wa njia ya saba zimeshuka zaidi ya nusu tangu mwaka jana. Kamati imeshauriwa kwamba uhitaji umekwisha, na kwamba fedha za kadi ya wazee zihamishiwe kwingine kuanzia mwaka wa fedha ujao. Uamuzi ni Alhamisi hii.

Jumlisha alikuwa kiti cha mbele. Alivua kofia, akaiweka magotini. Anayemfahamu anajua kwamba hilo halijawahi kutokea. Tulipomwonyesha sehemu hii ya risala na kumuuliza kama tuifute, alisema, "Iacheni. Nimewapa wanafunzi sifuri maisha yangu yote, nami nastahili yangu."

Lakini haikuwa yake peke yake. Makofi tulipiga wote.

7. Changamoto

Tangu siku ile tunagusa kila safari, kwenda na kurudi. Mama Pindo amerudi kupanda basi la pili. Matokeo yake, kwa wiki tatu mashine za namba saba zimelia karibu mara tatu ya ilivyokuwa. Tumesikia kwamba ofisini kwako wapo wanaosema wazee wamepata habari za kikao, sasa wanagusa kwa maonyesho.

Hatuwalaumu. Hata sisi tungeshuku.

Hapa ndipo tulipokwama. Nani aliona tulipotembea? Nani aliandika mzee aliyepitishwa mlangoni kwa heshima? Safari ambayo haikuandikwa mtu anaidaije leo? Tulijificha vizuri kuliko tulivyodhani, na sasa hatujui jinsi ya kuthibitisha kwamba tulikuwepo. Mwanachama mmoja alipendekeza tulete viatu vyetu mezani kwako uone soli. Tulimkatalia, ingawa pendekezo halikuwa baya.

Changamoto nyingine tulizoorodhesha, kama ngazi ya basi iliyo juu mno na taa ya kituo isiyowaka, tumeziondoa. Zitasubiri. Kama kadi haipo, ngazi ya basi haitatuhusu.

8. Maombi

Ombi la kwanza, na ndilo lililotufanya tuandike: Alhamisi msiamue. Tupeni miezi mitatu tuhesabiwe upya, kwa mashine na kwa macho. Afisa takwimu yuko tayari kupanda nasi. Anachosubiri ni ruhusa yako. Tunaye mstaafu wa benki na mstaafu wa forodha, watu wawili wasioamini mtu yeyote, watakaokaa naye bila malipo na kuandika kila anayepanda.

Ombi la pili: Polepole na wenzake wasiadhibiwe. Walitupitisha kwa sababu tuliwaomba, na hatukuwalea watoto wetu wamkatalie mzee. Kama lazima mtu aandikiwe barua ya onyo, iandikwe kwa Umoja. Tutaisoma mkutanoni, na tutaibandika.

La tatu si ombi hasa. Inawezekana mkatuhesabu sawasawa, mkaona kweli tunapanda, na bado fedha zikawa hazitoshi. Mji una watoto, una maji, una barabara. Tulikuwa walipa kodi kabla hatujawa wazee, tunajua sufuria ni moja. Ikiwa hivyo, tuambieni hivyo. Tutaumia, na Mama Pindo ataumia kuliko sote, lakini itakuwa kwa sababu ya kweli. Kisichovumilika ni kuambiwa kwamba kadi imekufa kwa sababu sisi hatukuitaka.

9. Hitimisho

Mheshimiwa, basi la saa tano na dakika kumi linakaribia, na Mama Pindo ataondoka nalo kabla ya vinywaji. Usione dharau. Ameshatuaga.

Alhamisi saa nne, kamati itakapokaa, tumeambiwa wananchi hawaruhusiwi ukumbini. Tumelizungumza. Wapo waliotaka siku hiyo tupande wote mia moja na sitini na wanne, twende na kurudi mpaka mashine zichoke. Tulibishana sana, na seremala alituita waoga. Mwisho tumekubaliana hivi: siku hiyo kila mwanachama atakwenda pale tu anapohitaji kwenda. Mwenye kliniki aende kliniki. Mwenye mgonjwa aende kwa mgonjwa. Asiye na safari akae nyumbani kwake apumzike. Hatutalijaza basi ili tukutishe, wala hatutalikwepa ili tukufurahishe, maana hilo la pili tumeshalifanya na umeona lilikotufikisha. Usiku mwulize afisa wako idadi ya siku. Iwe kubwa, iwe ndogo, ndiyo sisi.

Kwa kibanda, kwa benchi, kwa miaka miwili ya kutoka nyumbani bila kujieleza kwa mtu, asante. Mungu akupe uzee mrefu wenye magoti mazima, awape afya wote unaowalisha na wote watakaokulisha, na siku utakapofikia umri wetu ukute basi limekungoja.

Ni sisi,
Umoja wa Wazee wa Basi Namba Saba